Zabuni ya shule: kuipata si kazi, kazi ni kulipwa

Shule za upili za umma nchini Kenya hutangaza zabuni za mahindi, maharagwe, nyama, kuni, sabuni na karatasi, na baadhi ya bidhaa hizo hutengewa vijana, wanawake au watu wenye ulemavu. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inataka makundi hayo yapate angalau asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi za umma. Hata hivyo, wenye biashara ndogo wengi huamini zabuni hizi ni za jamaa wa wakubwa.

Kuhusu kuingia, naona wanatia chumvi. Cheti cha AGPO, mpango wa serikali wa kuyatengea makundi hayo zabuni, ndicho kinachomfungulia mtu zabuni hizo, nacho hakilipiwi. Kinachotakiwa ni kundi husika limiliki asilimia 70 ya biashara na kushika uongozi wote. Wenye cheti hicho hawadaiwi dhamana ya zabuni, hujaza fomu ya tamko tu. Hapo ongeza hati ya kutodaiwa kodi kutoka KRA, mamlaka ya mapato, na ankara za eTIMS, mfumo wake wa ankara za kielektroniki. Upendeleo upo, sikatai: mwanabodi ambaye mkewe ana duka la jumla hakosekani. Lakini wengi huondolewa mapema zaidi, kwa hati iliyokwisha muda au ukurasa usiotiwa sahihi.

Shida yenyewe huanza baada ya mzigo kupokelewa stoo. Tuseme umepewa LPO, yaani agizo rasmi la ununuzi, ya magunia 20 ya maharagwe kwa shilingi 10,000 kila gunia, na faida yako ni 500 kwa gunia. Ukikopa zile 190,000 za kununulia kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi, riba ni 2,850. Shule ikikulipa mwezi wa kwanza, umefanya biashara. Ikifika mwezi wa nne, faida yote ya 10,000 imekwisha na umeanza kuwalisha wanafunzi kwa pesa zako.

Mwalimu mkuu naye ana lake. Chakula cha bweni hutegemea karo ya wazazi, nayo huja kwa vipande. Mgao wa serikali, shilingi 22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka, hupangwa kutolewa kwa awamu za asilimia 50, 30 na 20, na mara nyingi hufika umechelewa au umepunguzwa. Katikati ya muhula, mwenye lori na mtaji atasubiri. Mdogo atasimamisha mzigo, na wanafunzi wenye njaa hawangoji mgao. Isitoshe, mahindi yakizidi unyevu wa asilimia 13.5 ni ya kurudishwa, na mdogo hana ghala la kuyaanikia upya. Siwezi kumlaumu mwalimu anayemchagua mkubwa, ingawa mkubwa huyo pia hutia gharama ya kusubiri ndani ya bei.

Kwa hivyo mwenye mtaji mdogo aombe bidhaa za kiasi kidogo, mboga au vifaa vya ofisi, tena shule ya kutwa iliyo karibu. Kabla ya kuomba, awaulize wanaouzia shule hiyo sasa kama wamelipwa ya muhula uliopita. Mikopo ya LPO ya Hazina ya Vijana na ya Wanawake husaidia kununua mzigo, lakini haiharakishi malipo.

Taasisi za umma tayari hutakiwa kuripoti zabuni zilizopewa makundi haya. Ripoti hizo zionyeshe pia mzigo ulipokelewa lini na pesa zikalipwa lini.