Kelele kwenye dawa, kufuli kwenye televisheni

Australia ilipotia saini mkataba wa biashara huria na Marekani mwaka 2004, kelele nyingi zilihusu dawa. Wananchi hawakukosea kuhofu. Kupitia mpango wa PBS, ulioanza 1948, serikali hulipia sehemu kubwa ya bei ya dawa, na nguvu ya mpango huo iko kwenye swali moja ambalo kamati ya wataalamu humuuliza mwenye kiwanda: dawa yako mpya inamfaa mgonjwa kuliko hii tuliyonayo? Kama haimfai zaidi, bei haipandi. Kampuni kubwa za Marekani hazijawahi kulipenda swali hilo.

Serikali ya waziri mkuu John Howard ilisema kamati haikuguswa, na kwa hilo ilikuwa na hoja. Kampuni iliyokataliwa ilipewa haki ya kuomba mapitio huru, lakini mpitiaji hawezi kutengua uamuzi. Ripoti yake inarudi kwa kamati ileile. Penye hatari palikuwa kwenye hataza, yaani haki ya mvumbuzi kuuza dawa yake peke yake kwa muda. Anayetaka kuuza nakala ya bei nafuu sharti athibitishe kwanza kwamba havunji hataza ya mtu, au amjulishe mwenye hataza. Akishajulishwa, huyo anaweza kukimbilia mahakamani hata kwa hataza dhaifu, maana kila mwezi kesi inapoburuzwa yeye anaendelea kuuza peke yake. Kiongozi wa upinzani, Mark Latham, aling'ang'ania hapo mpaka sheria ikawekewa faini ya hadi dola milioni 10 kwa wenye kesi za namna hiyo.

Mwaka 2007 dawa zenye mtengenezaji mmoja zilitengwa na zile zenye nakala, na bei za makundi hayo mawili hazikufungamanishwa tena kama zamani. Wakosoaji waliona mkono wa mkataba. Serikali ikasema ni bajeti. Nadhani wote wana sehemu ya ukweli, ila PBS ingali hai na mgonjwa bado anapata nafuu.

Televisheni haikupigiwa kelele kiasi hicho, na ndiko mkataba ulikouma. Vituo vya televisheni vya kibiashara vilibaki na sharti la asilimia 55 ya vipindi vya Australia kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 6 usiku. Kwa macho ya haraka hakuna kilichopotea. Lakini kiwango hicho, kilichoandikwa kwenye viambatisho vya mkataba, kikawa dari: serikali inaweza kukishusha, na ikishakishusha haikipandishi tena. (Kenya, yenye sharti lake la asilimia 40 na iliyofungua mazungumzo na Marekani Julai 2020, ingefaa ivisome viambatisho hivyo kabla ya sura zenyewe.)

Watetezi hujibu kwamba mkataba uliacha mlango kwa teknolojia mpya: vipindi vya nyumbani visipopatikana kwa urahisi, serikali inaweza kuingilia kati baada ya mashauriano. Ni kweli mlango upo. Netflix, huduma ya kutazama filamu na vipindi kwa mtandao, iliingia Australia 2015. Serikali iliahidi kwamba kanuni za vipindi vya nyumbani kwa huduma za aina hiyo zingeanza kufikia Julai 2024. Tarehe ikapita, na hofu ya kugongana na mkataba ikatajwa miongoni mwa sababu. Novemba 2025 ndipo ilipotangaza kwamba huduma zenye wateja zaidi ya milioni moja nchini humo zitatakiwa kutumia angalau asilimia 10 ya matumizi yao ya huko kwa vipindi vya Australia. Katika miaka hiyo yote hakuna mtu aliyeshtakiwa. Kusita kwa serikali kulitosha.