Zamu ya Maji ya Sabaki Ionekane na Kila Mkulima

Kaskazi inapokaza, wakulima wa kando ya Mto Sabaki, pwani ya Kenya, huanza kutazamana kwa wasiwasi. Mto umepungua, pampu ni nyingi, na mwenye shamba la mwisho mferejini hakeshi kwa kupenda: anangoja zamu asiyojua imepangwa na nani. Kwa maoni yangu, hapa ndipo kompyuta ingetufaa kwanza, kwenye hesabu ya zamu. Vipima unyevu wa udongo vya bei ghali vitakuja baadaye.

Maji ya kina cha milimita moja juu ya ekari moja ni kama lita 4,000. Siku ya jua kali mmea uliokomaa waweza kutumia milimita 5 hivi, yaani lita 20,000 kwa ekari, mitungi 1,000 ile ya lita 20! Mche uliochipuka juzi hauhitaji kiasi hicho, lakini zamu ikipimwa kwa saa za pampu tu, hupewa sawa na nyanya zinazozaa. Na shamba la kichanga hutaka maji kidogo kidogo mara kwa mara, kwa sababu ukilijaza siku moja mengi huzama chini isikofika mizizi. FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, hutoa bure programu iitwayo CROPWAT. Ukiipa hali ya hewa, udongo, aina ya mmea na tarehe ya kupanda, inakupangia ratiba. Kijana mmoja wa chama cha watumiaji maji mwenye laptopu anaweza kuyahesabia mashamba yote.

Ninalolihofia ni hesabu hiyo kufungiwa kwa mwenyekiti. Itakuwa siri kama daftari lake la zamani, tena mbaya zaidi, maana watu huogopa kubishana na jambo lililotoka kwenye mashine. Zamu itumwe kwa ujumbe mfupi hadi kwenye kabambe, ile simu ndogo ya kawaida, ya mama anayelima robo ekari, na ibandikwe pale kwenye pampu. Akiona shamba la juu limezidishiwa, aulize kikaoni na ajibiwe. Sheria ya Maji ya 2016 inavitambua vyama vya watumiaji wa rasilimali za maji, kwa hiyo kumbukumbu ziwe mali ya chama, hata kama laptopu imeletwa na mfadhili.

Tena Sabaki si ya wakulima peke yao. Visima vya Baricho vilivyo kando yake vinanywesha Malindi na kupeleka maji hadi Mombasa. Siku ya kujadili mgao wakati wa ukame, wa mjini watakuja na takwimu za mita zao. Wakulima nao wanahitaji za kwao, na zinaweza kuanza kukusanywa wiki hii: jaza pipa la lita 200 kwa pampu, tazama limechukua dakika ngapi, kisha kila zamu andika saa ya kuwasha, saa ya kuzima na shamba lililomwagiliwa.