Choo cha Pirates: Kilipiwe au Kiwe cha Bure?

Kila Idi na kila Disemba, Pirates, bichi ya umma hapa Bamburi, Mombasa, ikijaa watu mpaka mchanga hauonekani, mjadala unarudi ule ule, choo na bafu za bichi ya umma zilipiwe ama ziwe za bure. Huku mtaani watu wamegawanyika kabisa na nikiwasikiliza naona kila upande una lake.

Wanaotaka tulipe wanasema cha bure hakina mwenyewe, na hapo siwezi kuwabishia sana manake tunajuana, mfereji ukifungwa leo keshokutwa umeng'olewa, kitasa kimevunjwa, taa imeenda. Akikaa mtu mlangoni na kikapu chake cha sarafu angalau kuna anayemwaga maji na kupiga deki. Halafu kuna jambo wengi hawalifikirii, Mombasa haina maji yake, tunayokunywa yanatoka Mzima huko Taita Taveta, Baricho Kilifi, Marere na Tiwi Kwale, yani yote ni ya kuletewa, na kisima ukichimba karibu na bahari mara nyingi unapata maji ya chumvi. Mfereji ukikauka ni bowza, yani lori la maji, ama mkokoteni wa mitungi, na hizo si za bure. Tena upande wa Bamburi si kama kisiwani ambako sehemu zingine zina mabomba ya majitaka, huku choo ni shimo, watu wakiwa elfu linajaa haraka na lori la kunyonya lazima lilipwe, ukiacha shimo limwagike uchafu unaishia kwenye mwamba wa matumbawe na kutoka hapo ni baharini tunapoogelea.

Sasa upande wa pili. Chukua baba na mama na watoto wanne wametoka Changamwe, nauli ya matatu kwenda na kurudi, soda, mihogo, tairi la mtoto la kukodi, halafu choo shilingi ishirini kwa kila kichwa, hiyo ni mia na ishirini kwa raundi moja tu na mtoto akishalowa maji ya bahari haendi raundi moja. Kitakachotokea mnakijua, atajisaidia humo humo baharini. Mwanamume naye ataenda nyuma ya ukuta wa hoteli amalize shida zake asilipe hata ndururu, kwa hivyo ukiangalia vizuri anayelipa zaidi ni mwanamke.

Na mimi anayeniuma zaidi ni mama wa mihogo na viazi karai, yule yuko pale tangu asubuhi mpaka jua linazama, moto wa karai mbele yake na jua la Mombasa kichwani, na kuna kina mama wanakwambia wazi kwamba mchana kutwa hawanywi maji ili wasibanwe, manake wakienda mara tatu nne faida ya sahani nzima imeenda. Mtu anajikausha hivo kwa sababu ya choo! Mwisho wake ni maradhi ya mkojo na figo na hapo hatuongelei tena shilingi ishirini.

Katiba ya 2010 kifungu cha 43 inasema usafi ni haki ya kila mtu, na Jedwali la Nne limeweka bichi na huduma za umma kama hizi mikononi mwa kaunti, kwa hivyo wa kuulizwa anajulikana.

Mimi nasema tutenganishe vitu viwili. Bafu la kusuuza chumvi ni starehe, lilipiwe, na maji yake ndio mengi. Choo kiwe bure, na kiwe na maji na kopo, manake wengi wetu hapa tunajisafisha kwa maji na choo kikavu kwetu ni kama hakipo. Pesa itoke kwa ushuru ambao wafanyibiashara wanalipa tayari na kwa magari yanayoegesha.

Watu wataniuliza, mbona ushuru unalipwa miaka yote na choo kiko vile vile? Ni kwa sababu pesa za kaunti zinaingia mfuko mmoja, zikishaingia huko hazina alama ya Pirates, zinaenda pale bajeti imesema. Basi vita ni kwenye bajeti. Makadirio yanatakiwa yafike bunge la kaunti kufikia 30 Aprili na wananchi lazima wasikizwe, lakini vikao vile wafanyibiashara wa bichi wengi hawaendi, ukifunga meza siku moja umelala njaa, naelewa. Angalau wachange watume watu watatu, mmoja awe mama wa mihogo, na karatasi yenye vitu vitatu tu: mshahara wa wasafishaji, maji ya bowza mfereji ukikauka, na lori la kunyonya shimo kabla ya Idi na kabla ya Disemba.