Sahihi ya Mlezi Mwenye Miaka 13

Mwaka 1991, katika shule moja ya msingi wilayani Muleba, mwenzangu wa dawati moja alitia sahihi ripoti ya mdogo wake mahali palipoandikwa "mzazi au mlezi". Alikuwa na miaka 13. Aliandika jina lake taratibu, akapuliza wino ukauke, kisha akamuuliza mdogo wake kwa nini hesabu zimeshuka. Baba yao alikuwa amezikwa kibanjani, yaani katika shamba la familia, katikati ya migomba, na mama yao alimfuata kabla mwaka haujaisha.

Wagonjwa watatu wa kwanza wa Ukimwi nchini Tanzania waligunduliwa mkoani kwetu Kagera mwaka 1983. Watu waliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la kitambaa kilicholetwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Kwa kuwa uliwachukua watu wenye umri wa kuzaa na kulea, na mara nyingi mume na mke kwa kufuatana, ulibakiza nyumba zenye bibi na wajukuu, na bibi naye alipofariki walibaki watoto watupu.

Tuliwasifu sana watoto hao. Majirani walipita jioni, wakamkuta mwenzangu akimenya ndizi na kuwagawia wadogo zake maharage kwa kijiko, wakasema binti huyu ni jasiri, kisha wakaenda zao. Nimefikia kuamini kwamba sifa zile ziliturahisishia kuondoka, kwa maana mtoto aliyekwisha kuitwa jasiri haulizwi kama amekula.

Wala hakuna aliyeuliza habari za kibanja. Msimamizi wa mirathi hupendekezwa na kikao cha ukoo na kuthibitishwa na mahakama, na mtoto hawezi kuteuliwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18, nami naiunga mkono. Lakini yule anayepika, anayeuguza na anayetia sahihi ripoti hana kauli juu ya ardhi inayowalisha. Kwa mwenzangu, msimu wa pili wa kahawa baada ya matanga, baba mdogo alikuja na wavunaji, na sehemu ile ya kibanja haikurudi. Darasa la saba hakulimaliza.

Wapo wanaoshauri watoto kama hao wapelekwe kwenye vituo vya yatima. Sikubaliani nao, kwa sababu ndugu wakitawanywa hupoteza kitu pekee ambacho kifo hakikuwanyang'anya, yaani wao kwa wao. Waachwe pamoja, wakiwa na mtu mzima wa karibu waliyemchagua wenyewe, na kaya yao ihesabiwe kuwa kaya kamili misaada inapogawiwa. Kabla ya matanga kuanuliwa, mtendaji wa kijiji aandike mipaka ya shamba mbele ya majirani, pamoja na majina ya watoto wote, hata anayenyonya.

Dawa za kufubaza virusi, zilizoanza kutolewa bure nchini mwaka 2004, zimewawezesha wazazi wengi kuona wajukuu wao. Lakini Uviko-19 nayo iliacha mayatima, na katika kila msiba ukoo hukaa kikao kilekile.

Yule mdogo mtu sasa analima kahawa katika shamba la kukodi. Makaburi ya wazazi wake yamo katika sehemu iliyochukuliwa, na kila anapotaka kuyapalilia humwomba ruhusa baba yake mdogo.