Usilale Nyungwe

Mtu wa Bukavu, huku kwetu Kongo, akikuambia ameshafika Kigali mara kumi, muulize msitu wa Nyungwe unafananaje. Wengi wetu hatuna jibu. Tunavuka mto Ruzizi mapema, tunapanda basi Kamembe, tunajifunika kitenge kichwani na kuamkia Nyabugogo, stendi ya mabasi ya Kigali. Kama unawahi ndege au unafuata mali, ninaelewa. Lakini inaniuma, maana Rwanda, nchi ile ya milima elfu, iko ng'ambo tu ya mto wetu, na tiketi ya basi inatosha kuizunguka.

Mimi niliizunguka kwa siku sita: Kamembe, Huye, Kigali, Musanze, Rubavu, kisha nikarudi kwa barabara ya kandokando ya ziwa Kivu kupitia Karongi. Mahali basi lisipoingia nilichukua taksi-moto. Rafiki zangu walitaka tuchange tukodi jeep, nikakataa, na ningekataa tena. Ndani ya jeep dereva anaangalia kona na wengine wanaangalia simu. Ndani ya basi huna kazi nyingine ila dirisha. Mabasi ya kule yamefungwa vidhibiti mwendo, hayatakiwi kuzidi kilomita 60 kwa saa, na abiria wengi wanalalamika kwamba yanachelewa. Mimi naona mlima hauangaliwi kwa mwendo zaidi ya huo.

Ukishapita mashamba ya chai ya Gisakura ukaingia Nyungwe, baridi inaingia na vioo vinashika ukungu. Kando yangu alikaa mama mmoja ameshika ganda la chungwa puani, maana kona zilikuwa zinamchafua roho. Kila kona analiminya, anavuta harufu, analigeuza upande mwingine. Yeye ndiye aliyenigusa bega: «Mwanangu, angalia, wako pale!» Kima weusi wenye ndevu nyeupe, saba au wanane, wameketi ukingoni mwa lami kama watu wanaongoja gari. Nikageuka kutazama nyuma: karibu basi zima limelala. Msitu huo UNESCO iliutia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2023, na sisi majirani zake tunaupita tumefumba macho.

Tena juu kule ndipo maji yanapoagana. Mvua inayoanguka mashariki ya mgongo ule inakwenda Nile, hadi Misri. Ya magharibi inateremka kwetu, Ruzizi na Tanganyika, mwisho mto Kongo. Nimevuka daraja la mpakani tangu utoto, na sikuwahi kujiuliza maji yale yanatoka wapi.

Kasoro iko, na ni kubwa: basi halisimami ili uangalie. Nilishuka Gisakura nikalala huko, na kesho yake mabasi yakawa yanapita yamejaa; niliongoja barabarani kwa muda wa saa mbili na nusu. Anayesafiri hivi abebe koti na asipange miadi ya jioni.

Kutoka Musanze kwenda Rubavu, kaa upande wa kulia, uone volkano; Karisimbi peke yake ina mita 4,507. Na ukitoka Rubavu kurudi Kamembe, kaa kulia tena. Hapo nisikilize vizuri. Kisiwa cha Idjwi nilikizoea kutoka kwenye boti ya Goma, upande wake wa magharibi. Siku ile, karibu na Karongi, basi lilikata kona na Idjwi ikatokea kwa upande wake wa pili, jua linazama nyuma yake, na nyuma zaidi milima ya kwetu. Sikuitambua mara moja.