Flashi Mbovu ya Shemeji

Pale Mwanga, Kigoma, nina kaofisi ka kudarizi: nembo za sare za shule, shingo za kanzu, majina kwenye mashuka ya harusi. Mashine ipo, lakini michoro yote iko kwenye kompyuta, na programu yake haifunguki mpaka uchomeke kadude ka USB kanakouzwa pamoja na leseni. Ndani mna chipu yenye siri. Programu ikiwashwa inaiuliza swali, isipojibiwa, inagoma. Zamani, kabla ya USB, vidude hivi vilichomekwa nyuma ya kompyuta kwenye tundu la printa na kukazwa kwa skrubu. Wale wazee waliovitengeneza waliwajua mashemeji.

Asubuhi hiyo nawasha, kompyuta inadai ufunguo haupo. Na sare za shule zimejaa hadi mlangoni. Nikampigia mdogo wake mke wangu, aliyeshika duka jana yake.

"Shemeji, kuna kitu ulichomoa hapa?"

"Ile flashi? Mbovu ile! Nilitaka kurusha nyimbo, haifunguki kabisa. Nimempa jamaa wa bajaji aijaribu kwenye redio."

Jasho likanitoka. Kadude kakiharibika, unakarudisha kwa wenye programu wanakubadilishia. Kakipotea, hesabu leseni nayo imepotea. Unanunua upya, bei ileile, na bei yenyewe usiniulize mbele ya mke wangu.

Tukaingia msakoni. Kijiweni wakatuambia jamaa kaenda Kibirizi kubeba dagaa. Kibirizi wakasema kapata abiria wa Ujiji. Ujiji tukamkuta kwa fundi redio, kashika tama, redio ya bajaji imepasuliwa mezani waya nje.

"Redio imekufa, kaka," akaniambia kwa uchungu. "Tangu jana naweka flashi, haiimbi. Fundi kabadilisha fyuzi, kabadilisha na tundu la USB, wapi!"

Fundi akachomeka ufunguo wangu kwenye tundu jipya. Taa yake ndogo ikawaka.

"Unaona, mzee? Flashi nzima hii, inapokea moto. Ugonjwa uko kwenye saketi." Akachukua bisibisi nyingine, kubwa zaidi.

Nikakachomoa kabla hajaendelea, nikawaeleza kwamba hako si flashi, ni ufunguo.

"Ufunguo wa nini?"

"Wa kudarizi."

Dereva akamtazama fundi. Fundi akaanza kuokota skrubu zake taratibu, akitaja bei ya kila alichobadilisha. Dereva akamgeukia shemeji. Shemeji, bila hata kupepesa, akaninyooshea kidole: "Mwenye flashi si huyo hapo?"

Nikalipa fyuzi. Nikalipa tundu. Nikalipa na nauli ya kuturudisha Mwanga, na njia nzima shemeji akawa analalamika kwamba bajaji haina muziki.