Cheti cha farasi, kipande cha saisi

Matangazo ya farasi madume wa mbegu yalifanana karibu kila mahali Waingereza walipogawiana mashamba. Iwe Victoria kule Australia, Canterbury ya New Zealand au Bonde la Ufa letu hapa Kenya, msomaji alipewa jina la dume, rangi yake, baba yake, mama yake na baba wa mama yake. Zikafuata mbio alizoshinda, au walizoshinda ndugu zake kama yeye mwenyewe hakuwahi kushinda chochote. Kisha ada ya kupandisha, pesa ya malisho ya jike kwa wiki, na sentensi ya mwisho ambayo mwenye shamba hujivulia lawama: jike atatunzwa vizuri, ila likitokea la kutokea, hasara ni ya mwenye jike.

Mtandaoni siku hizi picha za enzi hizo zinapendwa sana. Bwana kavaa kofia pana, farasi anang'aa kama kapakwa mafuta, Mlima Longonot unaonekana kwa mbali. Chini yake mtu hakosi kuandika kwamba zamani kulikuwa na mpango. Mpango ulikuwepo, sibishi. Ninachotaka ni tuhesabu na gharama yake, maana farasi yule hakulishwa hewa.

Kwanza, farasi hakuwa mnyama wa nchi hii ya juu, na kulikuwa na sababu. Ukimtembeza kutoka Mombasa kwenda bara unapita kwenye mbung'o, na nagana, ugonjwa wanaoueneza, inammaliza njiani. Ni reli iliyobadilisha mambo. Ilipofika Nakuru mwaka 1900, farasi aliyeshuka melini angeweza kupakiwa kwenye behewa na kuivuka nyika bila kukanyaga majani yake. Lakini akifika salama anakutana na ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na usubi, wale wadudu wadogo kuliko mbu wanaouma kuanzia machweo. Punda milia huubeba bila hata kupiga chafya. Farasi mgeni, mlipuko ukiwa mbaya, wanaweza kufa tisa kati ya kumi.

Chanjo ya kutegemewa ilichelewa kupatikana, kwa hiyo dawa ilikuwa saa na mtu. Kabla jua halijazama farasi wote wawe ndani, madirisha yafungwe au yawekwe wavu, moto wa moshi uwashwe karibu na mlango. Asubuhi hawatoki mpaka umande ukauke. Mtu huyo wa kufunga, kuwasha na kusubiri umande ndiye saisi.

Kazi ya dume la mbegu ilikuwa nzito kuliko hiyo. Jike huletwa kwanza kwenye ukuta wa mbao nene, dume akanyoosha shingo upande wa pili. Jike asipokuwa tayari hubana masikio nyuma na kurusha mateke yanayoweza kupasua mbao. Akiwa tayari hutulia, akainua mkia. Hapo mtu mmoja anamshika jike kwa kamba iliyosokotwa kwenye mdomo wa juu, mwingine anamkunja mguu wa mbele asiweze kupiga teke, na wa tatu anaingia na dume, mnyama wa kilo mia tano ambaye wakati huo hasikii la mtu. Yote huisha kwa dakika chache. Mwenye shamba anaandika tarehe kwenye daftari, halafu miezi kumi na moja ya kungoja. Uingereza kwenyewe ilikuwa desturi tangazo kutaja ada ndogo ya saisi chini ya ada ya dume, na nadhani ilikuwa haki, maana ndiye aliyehatarisha mbavu zake.

Sasa, kile kilichouzwa hasa kwenye tangazo kilikuwa karatasi. Waingereza walianza kuchapisha daftari kuu la nasaba za farasi wa mbio mwaka 1791, na farasi ambaye wazazi wake hawamo si wa damu safi hata akimbie kama upepo. Kinachonichekesha ni mwanzo wa damu yenyewe. Madume wote wa ukoo huo duniani, ukifuata upande wa baba, wanarudi kwa watatu tu walioletwa Uingereza kutoka mashariki. Mmoja wao, Darley Arabian, alinunuliwa Halab, Sham, na kusafirishwa mwaka 1704. Huku pwani farasi wa Kiarabu hakuwa mgeni kabisa: mwaka 1840 Sayyid Said, sultani wa Unguja na Oman, alipotuma jahazi lake Sultana kutoka Unguja hadi New York, chini ya Ahmad bin Na'aman, kati ya zawadi za rais wa Marekani walikuwemo farasi wawili wa Kiarabu. Miongo sita baadaye wajukuu wa farasi wa aina hiyo wakashushwa Mombasa wakiitwa Waingereza.

Njoro ndiko mambo haya yalikoiva. Lord Delamere, mlowezi Mwingereza, alipewa huko ekari 100,000 kwa kukodi miaka 99. Kapteni Charles Clutterbuck akaja kufungua shamba jirani, akajenga kinu cha unga na mazizi ya farasi wa mbio, na dume wake Camciscan aliletwa kutoka Uingereza. Binti yake, Beryl Markham, akawa mwanamke wa kwanza kupata leseni ya kufundisha farasi wa mbio Kenya, na mwaka 1926 jike aliyemfundisha, Wise Child, alishinda mbio za St Leger za Nairobi. Ni habari tamu na sina haja ya kuichafua. Alijua farasi kuliko wanaume wengi waliomzunguka.

Ila angalia ardhi yenyewe. Mwaka 1904 Wamaasai walitiliana mkataba na serikali ya kikoloni, wakaondolewa Bonde la Ufa, wengi wakasukumwa Laikipia. Mwaka 1911 ukaja mkataba mwingine wa kuwaondoa na Laikipia. Walipokwenda mahakamani mwaka 1913, kesi ikatupwa. Mwaka 1915 sheria mpya ya ardhi ikawapa walowezi hati za miaka 999. Malisho yaliyotajwa kwenye tangazo, yale ya kutoza kwa wiki, yalikuwa yamefugiwa ng'ombe na watu wengine muda si mrefu uliopita.

Kwa wakulima wa Australia na New Zealand dume zito la kukokota alikuwa chombo cha kazi. Alitembezwa shamba hadi shamba kwa sababu watoto wake wangevuta plau. Nyanda zetu za juu zililimwa hasa kwa maksai. Farasi wa damu alikuwa wa kupanda, wa polo, wa mbio, na wa kuonyesha jirani kwamba mambo si mabaya hata kama benki inadai. Anasa si dhambi. Lakini wazo la damu safi halikubaki kwenye zizi la farasi. Lilihamia kwa ng'ombe, na huko likauma. Mlowezi aliyeleta fahali wa gharama aliwaona ng'ombe wa maskwota, yaani vibarua Waafrika waliokaa shambani mwake, kama hatari mbili, ugonjwa na mchanganyiko wa damu. Miaka ya 1920 mifugo ya maskwota ikaanza kupunguzwa na kufukuzwa mashambani, zoezi ambalo wenyewe waliliita kifagio. Watu waliofika na mbuzi na ng'ombe wao, wakikubali kumfanyia mzungu kazi siku 180 kwa mwaka ili wapate malisho, wakaondolewa mali na wakabakia na kazi.

Kipande, kitambulisho cha lazima cha Mwafrika, nacho kilishika kasi kipindi hicho. Sheria ni ya mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, 1919 na 1920. Mwanaume Mwafrika wa miaka kumi na sita kwenda juu alitembea na kikopo cha bati shingoni, ndani yake karatasi yenye alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara na tarehe ya kuanza kazi. Mwajiri asipotia saini ya kumwachia, hawezi kuajiriwa kwingine. Kwa hiyo zizini walisimama wawili wenye karatasi. Ya farasi iliandikwa kumpandisha bei. Ya saisi iliandikwa asitoroke.

Nikisema hivi huambiwa napinga ufugaji wa kisasa. Sipingi. Kituo cha uhimilishaji, yaani kupandisha ng'ombe kwa mbegu iliyokamuliwa bila fahali kuwepo, kilipoanzishwa Kabete mwaka 1946, na baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954, ule wa serikali ya kikoloni wa kilimo cha Waafrika, kufungulia wakulima wengi Waafrika njia ya ng'ombe wa gredi, wale walioboreshwa kwa damu ya kigeni, mama mwenye ekari mbili Kiambu aliweza baadaye kupata mbegu ya fahali bora bila kumiliki fahali wala kuomba ruhusa ya jirani mwenye ekari elfu. Farasi wa mbio wa damu safi, kwa upande wake, mpaka leo hasajiliwi popote duniani kama hakuzaliwa kwa kupandishwa ana kwa ana. Wenye daftari lao wamelinda ada ya dume kwa karne mbili na ushee, na sioni wakiiacha.

Ninachodai ni kidogo. Tunamjua arap Ruta, aliyekua na Beryl Markham Njoro na kufanya naye kazi zizini, kwa sababu mwajiri wake alijua kuandika na alimpenda. Wengine waliomshika Camciscan na wenzake hatuwajui. Kama kuna familia yenye daftari la shamba la miaka hiyo, lenye ukurasa wa farasi upande mmoja na ukurasa wa mishahara upande wa pili, ipige picha kurasa zote mbili kabla ya kuzirusha mtandaoni. Na aliyesikia babu yake akitaja shamba alilofungia farasi madirisha jioni, aandike jina la babu na la shamba hapa chini; nitayakusanya.